Adapta ya JAMMA kwa bodi ya gemu yenye pini 44: kuiunda na kuipima kabla ya kuwasha

Swali la msomaji: Nina bodi ya gemu ya sarafu ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ukingo wake una pini 44, na kabati langu lina nyaya za JAMMA. Nataka kutengeneza adapta mwenyewe. Nianzie wapi, na nitajuaje kuwa ni salama kabla sijaichomeka bodi ambayo sina nyingine ya kubadilisha?

Ndugu msomaji, adapta ni nyaya zinazopeleka kila pini ya kabati kwenye pini inayolingana nayo upande wa bodi. Kazi ya mikono yenyewe ni ya saa chache. Kinachoua bodi ni kosa kwenye nyaya chache za umeme: graundi, +5 V, +12 V na −5 V. Ukikosea waya wa kitufe, kitufe hakitafanya kazi na utaurekebisha. Ukikosea waya wa +12 V, chipu zinakufa mara moja, na baadhi yake hazitengenezwi tena. Ndiyo maana sehemu kubwa ya jibu hili ni kupima, na lehemu imepewa nafasi ndogo.

Tuanze na upande unaojulikana. JAMMA ni kiwango cha chama cha watengenezaji wa mashine za burudani cha Japani, na kilianza mwaka 1985. Kiunganishi chake kina pini 56, yaani 28 kila upande, na kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya inayofuata ni mm 3.96. Upande wa vipuri pini zina namba 1 hadi 28. Upande wa lehemu zina herufi A hadi Z kisha a hadi f, lakini herufi kubwa G, I, O na Q zinarukwa. Ukisahau kuziruka, kila kitu baada ya F kitahama nafasi moja, na hilo ni kosa linalowapata hata watu makini. Kwenye bodi yako yenye pini 22 kila upande hesabu inakuwa nzuri: herufi 26 ukitoa nne zinabaki 22, kwa hiyo pini ya mwisho ni Z.

Nafasi za umeme kwenye JAMMA ni hizi. Graundi ni 1, 2, 27, 28 na A, B, e, f. +5 V ni 3, 4, C na D. −5 V ni 5 na E. +12 V ni 6 na F. Nafasi ya 7 na H ni ya ufunguo, haina pini. Vihesabio vya sarafu ni 8 na J. Spika ni 10 kwa chanya na L kwa hasi. Picha: nyekundu 12, kijani N, bluu 13, ishara ya usawazishaji (inayoiambia monita kila mstari na kila picha vinaanza lini) P, graundi ya picha 14. Swichi ya fundi ni R na ya majaribio ni 15. Sarafu ni 16 na T, kitufe cha kuanza 17 na U. Juu, chini, kushoto na kulia ni 18, 19, 20 na 21 kwa mchezaji wa kwanza, na V, W, X, Y kwa wa pili. Vitufe vya kwanza hadi vya tatu ni 22, 23, 24 na Z, a, b.

Upande wa bodi yako ndio mgumu, kwa sababu kabla ya 1985 kila kampuni ilipanga pini ilivyotaka, na wakati mwingine kampuni moja ilibadilisha mpangilio kutoka gemu hadi gemu. Pini 44 hazimaanishi mpangilio mmoja. Tafuta mchoro wa saketi au kitabu cha fundi cha gemu hiyo hiyo, toleo hilo hilo la bodi. Hata ukiupata, usiuamini mpaka bodi yenyewe ikubaliane nao. Weka mita kwenye mlio, yaani hali ambayo inalia ncha zake mbili zikiunganika, bodi ikiwa haina umeme, uhakiki hivi:

Graundi lazima ilie na mguu wa 7 wa chipu za TTL (chipu za mantiki za 5 V, kama zinazoanza na 74) zenye miguu 14, na mguu wa 8 wa zile zenye miguu 16. +5 V lazima ilie na mguu wa 14 au wa 16 wa chipu hizo hizo. Jaribu chipu nne au tano zilizo mbali na nyingine, kwa kuwa chipu chache za TTL zina umeme kwenye miguu mingine na zinaweza kukupotosha. +12 V mara nyingi inaelekea kwenye chipu ya amplifaya yenye bati la kupoozea, na kwenye bodi za zamani inafika pia kwenye kumbukumbu. Rangi tatu zinatoka kwenye makundi madogo ya rezista. Kwenye Pac-Man ya Namco ya 1980, kwa mfano, nyekundu na kijani zina rezista za ohm 1000, 470 na 220 kila moja, na bluu ina 470 na 220 pekee. Ukiona makundi matatu ya aina hiyo yakielekea ukingoni, umepata picha. Pini za vitufe zinafuata rezista zilizofungwa kwenye +5 V, kisha zinaingia kwenye chipu kama 74LS244 au 74LS257.

Angalia kumbukumbu kwa makini. Ukikuta safu ya chipu zilizoandikwa 4116, bodi inahitaji volti zote tatu: +5, +12 na −5. Chipu ya 4116 ikipata +12 V bila −5 V inaharibika, na haihitaji muda mrefu. Kwa bodi ya namna hiyo waya wa −5 V ndio unaolinda kumbukumbu nzima, kwa hiyo ulehemu vizuri kuliko mwingine wowote na uuhakiki mara mbili.

Jambo lingine la kuchunguza ni kama bodi inataka umeme wa DC kweli. Bodi za Pac-Man zilizotengenezwa na Midway kwa soko la Marekani zinapokea AC ya volti ndogo kutoka kwenye transfoma, kisha zenyewe zinaigeuza kuwa DC. Ukipeleka +5 V ya DC kwenye pini za AC, daraja la diodi linakula takriban 1.4 V kabla hata ya kufika kwenye kidhibiti cha volti, na bodi haitawaka. Kwa bodi ya aina hiyo +5 V inaingizwa baada ya kidhibiti, na mchoro wa saketi ndio utakaokuonyesha ni wapi.

Sasa andika jedwali kwenye karatasi. Kila mstari uwe na safu nne: jina la ishara, pini ya JAMMA, pini ya bodi, na rangi ya waya. Usiguse risasi ya kulehemu kabla jedwali halijakamilika, na pini zisizotumika ziandikwe pia kuwa hazitumiki. Jedwali hili utalitumia tena wakati wa kupima, kwa hiyo liandike kwa mwandiko unaosomeka na ulibandike ndani ya kabati kazi ikiisha.

Vifaa unavyohitaji: kadi moja ya JAMMA yenye vidole 56, ambayo ni kipande cha bodi chenye unene wa mm 1.6 na sehemu za kulehemu nyaya. Soketi moja ya ukingo ya pini 44, umbali wa mm 3.96, yenye miguu ya kulehemu. Waya wa mm² 0.75 hadi 1 kwa umeme. Waya wa mm² 0.2 hadi 0.35 kwa ishara. Mirija ya plastiki inayosinyaa kwa joto. Na kipande cha ufunguo cha kuzuia soketi isiingie kinyume. Nyaya za umeme ziwe nyuzinyuzi, si waya mmoja mgumu, kwa sababu mgumu ukikunjwa mara kwa mara unakatika pale pale kwenye lehemu. Urefu wa sm 15 hadi 25 unatosha.

Kuhusu unene wa waya wa +5 V, usibane matumizi. Bodi za wakati huo hula ampea 2 hadi 6. Chukua ampea 4 kwenye waya mmoja wa mm² 0.2 wenye urefu wa nusu mita: ukinzani wake ni karibu ohm 0.042, kwa hiyo unapoteza 0.17 V kwenda na nyingine 0.17 V kurudi kwenye graundi. Pawasaplai inatoa 5.00 V, bodi inapata 4.66 V. TTL inataka kati ya 4.75 na 5.25 V. Hapo gemu itajiwasha upya kila baada ya sekunde chache, au itaonyesha herufi zisizoeleweka, nawe utaanza kulaumu chipu zisizo na kosa. Tumia nyaya mbili za mm² 0.75 kwa +5 V na zisizopungua mbili kwa graundi, kila moja kwenye pini yake. Pini za bodi zilizotengwa kwa +5 V zitumike zote, si moja tu iliyokuwa rahisi kufikiwa, kwani mkondo wote ukipita kwenye mguso mmoja, mguso huo unapata moto na kubadilika rangi.

Lehemu yenyewe haina siri. Menya waya mm 4, upake risasi kwanza, pitisha mrija kwenye waya kabla ya kulehemu, kisha unganisha ukiwa na ncha yenye nyuzi joto 350 hivi. Anza na graundi, fuata umeme, kisha picha, sauti, na vitufe mwishoni. Kosa kubwa hapa ni la kioo: ukitazama soketi kutoka nyuma, upande wa miguu, mpangilio unaonekana kinyume na ulivyo kutoka mbele. Kabla ya waya wa kwanza, chomeka soketi kwenye bodi isiyo na umeme, soma namba 1 na herufi A zilizochapwa kwenye bodi, na uziandike kwenye soketi kwa kalamu isiyofutika. Weka kipande cha ufunguo kama bodi yako ina mkato wa kukipokea.

Ufunguo si pambo. Soketi ya JAMMA ikigeuzwa juu chini, nafasi ya 1 inakutana na f, ambayo ni graundi kwa graundi, na mtu anaweza kudhani hakuna hatari. Lakini nafasi ya 6 inakutana na ya 23 upande wa pili, kwa hiyo +12 V inaingia moja kwa moja kwenye kitufe cha pili, na −5 V inaingia kwenye kitufe cha tatu. Chipu za kupokea vitufe haziwezi kustahimili hilo.

Sauti ina mtego wake. Kwenye bodi nyingi spika hasi si graundi, kwa kuwa amplifaya inasukuma nyaya zote mbili. Ukiunganisha spika hasi na graundi ili kuokoa waya mmoja, amplifaya inaungua. Peleka nyaya zote mbili hadi 10 na L na usiziguse na kitu kingine. Baadhi ya bodi hazina amplifaya kabisa, zikiwemo za Nintendo za mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambazo zilitegemea amplifaya iliyokuwa kwenye monita yake. Kwa hizo weka amplifaya ndogo ya 12 V kwenye adapta. Nyingine zinategemea kidhibiti cha sauti kilichokuwa kwenye nyaya za kabati la awali, na bila hicho kunakuwa kimya hata kama kila kitu ni kizima.

Picha inahitaji uangalifu zaidi. JAMMA inataka ishara moja ya usawazishaji, iliyounganishwa na inayoshuka chini wakati wa mpigo. Bodi nyingi za zamani zinatoa mbili: ya mlalo na ya wima. Unaweza kuziunganisha kwa chipu moja ya 74LS86. Mlalo uingie mguu wa 1, wima mguu wa 2. Mguu wa 3 upeleke kwenye wa 4, mguu wa 5 ufungwe kwenye +5 V, na ishara kamili utaichukua mguu wa 6 kwenda P. Graundi ni mguu wa 7 na +5 V ni wa 14, na kapasita ya nF 100 kati yao, karibu kabisa na chipu. Miguu ya 9, 10, 12 na 13 ifungwe kwenye graundi. Saketi hii inafanya kazi sawa kama ishara zote mbili zinapanda au zote mbili zinashuka. Kama moja inapanda na nyingine inashuka, hamisha mguu wa 5 kutoka +5 V hadi graundi. Kujua mwelekeo hakuhitaji osiloskopu: weka mita kwenye DC. Mpigo wa mlalo unachukua sehemu ndogo tu ya mstari, kwa hiyo ishara inayoshuka inasoma karibu na volti ya juu, 3 au zaidi, na inayopanda inasoma karibu na sifuri.

Watu wengine hutumia geti za AND za 74LS08. Inafanya kazi kwa ishara zinazoshuka, lakini wakati wa mpigo wa wima mlalo unapotea kabisa, na monita zingine zinapindisha sehemu ya juu ya picha. Kwa chipu ya bei ileile, naona hakuna sababu ya kutotumia 74LS86.

Bodi za Nintendo za kizazi cha Donkey Kong, mwaka 1981, zinatoa rangi zilizogeuzwa: penye giza panakuwa na mwanga. Hapo waya pekee hautoshi. Kila rangi inahitaji hatua ya kuigeuza yenye transista. Kumbuka pia kwamba monita ya kabati hupokea ishara ya volti kadhaa, ilhali televisheni ya kawaida hutaka 0.7 V kwenye ohm 75. Usiunganishe bodi na televisheni bila rezista za kupunguza. Ohm 470 mfululizo kwa kila rangi ni pa kuanzia, kwani 5 V inashuka hadi karibu 0.69 V.

Kama pawasaplai yako haina −5 V lakini ina −12 V, kidhibiti cha 7905 kitakutosha. Hapa kuna mtego mmoja: miguu yake haifanani na ya 7805. Kwenye 7905 mguu wa 1 ni graundi, wa 2 ni kuingiza, wa 3 ni kutoa, na bati lake limeungana na mguu wa kuingiza. Ukilifunga bati hilo kwenye chuma cha kabati umeipiga shoti −12 V.

Tufike kwenye kupima. Hatua ya kwanza, hakuna umeme na hakuna bodi. Shika jedwali, upime kila mstari kwa mlio kutoka kidole cha kadi hadi mguso wa ndani wa soketi, si mguu wake wa nje. Kisha pima jambo ambalo wengi huliruka: kila pini na jirani yake wa kushoto, wa kulia, na wa upande wa pili. Hakuna inayotakiwa kulia isipokuwa zile zinazoshiriki graundi au volti ileile. Mwisho pima +5, +12, −5 na graundi, kila moja dhidi ya nyingine zote. Ukisikia mlio hapo, usiendelee. Mara nyingi ni uzi mmoja wa waya uliochomoza.

Hatua ya pili, umeme bila bodi. Chomeka adapta kwenye kabati na upime volti ndani ya soketi ya pini 44, ncha nyeusi ya mita ikiwa kwenye graundi ya soketi hiyo hiyo. Pawasaplai nyingi za kabati hazitulii bila mzigo, kwa hiyo funga rezista ya ohm 5 yenye uwezo wa W 10 kati ya +5 V na graundi. Inavuta ampea 1 na kutoa joto la W 5, usiishike. Kwa jaribio zito zaidi tumia ohm 1 ya W 50, inayovuta ampea 5: volti ikishuka chini ya 4.75 kwenye soketi, una waya mwembamba au lehemu mbovu, na umeigundua bila kuhatarisha bodi. Rudisha +5 V iwe 4.9 hivi kabla ya hatua zinazofuata.

Hatua ya tatu, vitufe. Vitufe vya JAMMA vinafanya kazi kwa kuunganisha pini na graundi. Chukua LED na rezista ya ohm 1000, fungia upande mmoja kwenye +5 V ya soketi, na upande wa pili uuguse kwenye kila pini ya kitufe huku mtu mwingine akibonyeza. LED iwake kwa kitufe kimoja tu, kile kilichoandikwa. Ikiwaka bila kubonyezwa, pini hiyo imegusana na graundi. Ikiwaka kwa vitufe viwili, nyaya zimegusana.

Hatua ya nne, bodi bila umeme. Pima ukinzani kati ya +5 V na graundi kwenye ukingo wa bodi. Ohm chini ya 2 ni dalili ya shoti, mara nyingi kapasita ya tantalumu iliyokufa, na haifai kuwasha mpaka ipatikane. Safisha vidole vya bodi kwa kifutio laini cha penseli na alkoholi ya isopropili. Kutu nyembamba inatosha kuleta matatizo yote ya volti ndogo niliyoyataja.

Ndipo unachomeka, umeme ukiwa umezimwa. Usichomeke wala kuchomoa bodi ikiwa inawaka. Washa, gusa chipu kwa mgongo wa kidole, na kama kuna inayochoma ndani ya sekunde tano zima. Kama hakuna, pima +5 V kwenye miguu ya chipu iliyo mbali zaidi na soketi, na urekebishe pawasaplai mpaka pale pasome kati ya 5.00 na 5.05. Namba iliyo kwenye pawasaplai yenyewe haihusu bodi, na usipandishe volti ili kufidia waya mwembamba. Badilisha waya.

Bodi ikiwaka lakini kuna kasoro, dalili zinakuelekeza. Picha ikizunguka au kupasuka kwa mshazari, rudi kwenye ishara ya usawazishaji. Rangi moja ikikosekana, ni waya mmoja. Rangi zikibadilishana, umekosea kati ya 12, N na 13. Picha ikiwa na mwanga mkali mno unaoacha mikia, weka rezista ya ohm 100 hadi 330 mfululizo kwa kila rangi. Muungurumo kwenye spika unaokwenda sambamba na picha unamaanisha graundi ya picha na ya umeme zinashiriki waya mwembamba, kwa hiyo ipe 14 waya wake mwenyewe hadi kwenye bodi. Mchezaji wa pili akikosa vidhibiti, angalia swichi ndogo za mipangilio kabla ya kulaumu adapta, kwani gemu nyingi za wakati huo zinasoma vidhibiti vya pili kwenye mpangilio wa kabati la meza pekee, lile ambalo wachezaji hukaa wakitazamana, na kwenye kabati la kusimama wachezaji wote wawili hutumia vya kwanza. Na kama adapta inapitisha kihesabio cha sarafu, funga diodi ya 1N4001 sambamba na koili yake, mstari wake ukielekea +12 V, ili mshituko wa koili inapozimwa usiue transista ya bodi.